Zuwena Juu ya Mfuko wa Urea

Mwinshehe alifika Makurunge asubuhi na mfuko wa mbolea ya urea kwenye baiskeli, akamkuta Zuwena, binti wa shangazi yake, amemtangulia kwenye tuta la jaruba la Mwinshehe, na jani la mpunga mkononi.

Jani lilikuwa na madoa yenye umbo la jicho, kijivu katikati, kahawia pembeni. Sote tunaolima kwenye mfereji ule tunayajua. Ni ukungu. Ukiachwa kwenye majani hupanda mpaka shingo ya suke, shingo ikakauka, na siku ya kupiga mpunga unapata mapepe, maganda yasiyo na punje. Mwinshehe alivuna mapepe msimu uliopita, na shamba jingine hakuwa nalo. Lile la Mapinga alikwishawauzia watu wa mjini. Sasa lina ukuta na geti, na mbwa wanaokula vizuri kuliko aliyeliuza.

"Mpunga una njaa," alisema Mwinshehe. "Maji nimeshatoa, leo natia urea. Utaona."

"Una ugonjwa, hauna njaa. Maneno hayo nimeshayasikia. Mwaka wa El Nino alikuja bwana shamba mmoja na mkoba, hata viatu hakuvua, akasema mpunga una njaa, lisheni. Tukalisha. Ukashiba ukungu. Mfereji mzima tulikula muhogo mpaka Ramadhani ikapita, na yeye hakuna aliyemuuliza kitu. Mimi sijasahau hata rangi ya soksi zake."

Mwinshehe akashusha mfuko. Zuwena akaukalia.

"Inuka."

"Siinuki."

"Zuwena, mimi mtu mzima, nina wajukuu."

"Na wote wanajua babu yao mkaidi."

Angekuwa mtu mwingine, Mwinshehe angekwenda kumshtaki kwa mwenyekiti. Lakini mtoto wa shangazi na mtoto wa mjomba ni watani, na mtani hagombwi. Msibani huweza kuingia kaburini akagoma kutoka mpaka apewe chochote, na wafiwa wakacheka huku wanalia. Mwinshehe akabaki kumtazama.

Kufikia adhuhuri nusu ya watu wa mfereji walikuwa wamekusanyika pale. Hafidha, mke wa Mwinshehe, alileta chai, akaanza kummiminia Zuwena.

"Wewe mke wangu au wake?"

"Leo wake. Yale mapepe nilipepeta mimi."

Watu wakacheka, na Mwinshehe mwenyewe akashindwa kujizuia.

"Haya, sema bei yako," akasema. "Unataka kuku?"

"Kuku wako mwembamba. Rudisha maji, jaruba lisikauke tena. Ile kona iliyoungua kwa ukungu ing'oe yote. Na mfuko huu ukae kwangu mpaka majani mapya yatoke safi."

"Na nikikosa mavuno?"

Zuwena hakutania hapo. "Ukikosa utakula kwangu. Babu yetu mmoja."

Mwinshehe akaenda kwenye kona, akainama, akaanza kung'oa. Zamu ya maji siku ile ilikuwa ya Twalib, jirani wa chini. Twalib akampisha bila kuombwa, maana ukungu huchukuliwa na upepo, na upepo hauulizi tuta ni la nani. Zuwena alipoinuka, kanga yake ilikuwa imejaa chengachenga za urea. Mfuko wakampelekea nyumbani.

Baada ya wiki mbili majani mapya yalitoka, na madoa yakawa ya kutafuta. Masuke yakasimama, yakajaa, yakainama kwa uzito wake yenyewe. Karibu na ile kona tu ndiko shingo chache zilivunjika.

Hakuna ofisi iliyokuja kutuuliza tulifanyaje. Tumezoea. Mpunga ulikauka juu ya maturubai, Hafidha akapepeta, na safari hii upepo ulichukua vumbi tu.

Siku ya mwisho ya kupepeta, nduguye Mwinshehe alitoka Dunda na bodaboda, akaomba mabua ya kutandikia mbuzi. Mwinshehe akampa ya upande usiougua. Ya karibu na kona, yenye ukungu, aliyakusanya kwa mikono yake, akayatia moto, akasimama palepale na fimbo akiyageuza.

Zuwena akapita. "Nani kakutuma?"

"Hajanituma mtu," alisema Mwinshehe. "Pita huku, moshi utakuingia machoni."