Popoo Isiyotafunwa

Nilikuwa na haraka, na sitamsingizia mtu mwingine. Tangu vita viishe hapa Bougainville, zahanati yetu ya Tavirai ilibaki majivu na nguzo tatu. Tuliandika barua serikalini, Port Moresby. Baada ya miaka minne wakajibu wakitaka ramani ya ufuko wetu, sisi tunaokaa milimani. Tukaandika Buka kwa serikali ya kisiwa, wakasema tusubiri. Mwishowe mamlaka yakashushwa mpaka kwenye kata. Kila kata ikachagua mwanamume mmoja na mwanamke mmoja, na tukaambiwa kuanzia leo amueni wenyewe mnajenga nini na wapi. Mwanamke wa kata yetu ndiye mimi, Apolonia. Siku ya kuapishwa nilivaa viatu, vikanibana mpaka kwenye kiapo.

Haraka yangu ilikuwa na sababu. Vinsentia, mke wa mwanangu, aliposhikwa na uchungu wa mtoto wa kwanza alibebwa kwa machela kwenda hospitali ya Buin. Njia hiyo ina mito mitatu. Mtoto alizaliwa baada ya mto wa pili na hakuufikia wa tatu. Niliyemfunga sanda ni mimi. Vinsentia alipopata mimba tena nikaapa, safari hii bila viatu, kwamba mjukuu wangu hatazaliwa matopeni.

Kwetu ardhi ni ya akina mama, na kiwanja cha zahanati ni cha Bibi Ludwina Mokela, nyanya yake Vinsentia. Ludwina alikuwa na sharti moja tu, na kwa miaka ishirini na mitano alimwambia anayetaka kusikia na asiyetaka. Kabla mtu hajajenga kwenye ardhi yake, aambiwe mwanawe Silvanus yuko wapi. Silvanus alichukuliwa wakati wa vita, si na askari, bali na vijana wetu wenyewe, wakidai anawapelekea askari habari. Hakurudi, na hakuna aliyeonyesha kaburi.

Kwenye mkutano wa kata nilizungumza vizuri, nikiri hivyo. Nikasema wakubwa wametupa meno na sisi tunaogopa kuuma. Nikaitisha kura, ikanyooshwa mikono thelathini na minne, na mmojawapo ulikuwa wa Ludwina. Halafu ikapitishwa popoo, maana hapa jambo haliishi kwa mikono. Linaisha watu wakitafuna pamoja, popoo na tambuu na chokaa, wakatema wekundu chini. Nilimpa Ludwina popoo yake mimi mwenyewe. Akaipokea, akaigeuzageuza, akaitia kikapuni.

Niliona, na kila mtu aliona. Popoo ikitiwa kikapuni, jambo bado liko kikapuni. Hata mtoto anayenyonya hapa anajua hilo. Lakini nilikuwa nimeshika kalamu ya serikali, na kalamu hiyo haikuwa na mahali pa kuandika kikapu. Nikaandika: imekubaliwa na wote.

Aliyefurahi kuliko wote ni kaka yangu Ambrose, fundi wa saruji. Alijitolea kumwaga sakafu nzima bila malipo. Kona moja ya baraza akasema isichimbwe, ijazwe mawe tu, kwani udongo wa pale ni laini. Nani abishane na fundi? Nilimpikia magimbi kila siku ya kazi na kumsifu mbele za watu.

Zahanati ikasimama. Ikaletwa dawa, akaletwa Nesi Hilaria, mwanamke mpole mwenye sauti ya kupiga filimbi. Siku tatu baada ya kufunguliwa tukakuta tawi la tanget, lile lenye majani mekundu, limechomekwa katikati ya njia inayoshuka kutoka vitongoji vya juu. Tanget ikisimama njiani, hapapitwi. Hakuna aliyeuliza nani kaichomeka. Watu wa juu, ukoo wa Ludwina, wakaacha kushuka. Walipita porini na homa zao kwenda Buin, mito mitatu, wakati dawa zimekaa kabatini zikiwatazama. Kitabu cha Hilaria kwa miezi mitatu kilijaa majina ya watu wa chini peke yao.

Nilimwendea Ludwina kwa kuzunguka porini. Alikuwa akimenya viazi vitamu na hakuacha kumenya. Nikamkumbusha kwamba aliinua mkono.

“Mkono niliwainulia ninyi,” akasema. “Popoo ni yangu mwenyewe.”

Kutoka wilayani akaja bwana mmoja aitwaye Otto kukagua. Akapekua kitabu, akasema nusu ya kata haitaki huduma, basi nesi atapelekwa wanakomtaka. Nilipomweleza habari ya tanget alicheka. Akasema mimi ndiye serikali hapa, nilitunga mwenyewe sheria ndogo ya kumwadhibu anayezuia huduma ya umma, basi ning'oe majani niendelee na kazi. Alinipa hadi mwisho wa mwezi. Hesabu ya tumbo la Vinsentia nayo ilikuwa mwisho wa mwezi.

Nikachukua panga nikapanda. Hasira zilikuwa zimenijaa, na kwa kweli nilimwonea uchungu mjukuu wangu kuliko nilivyomwonea uchungu Silvanus. Vinsentia, anayekaa juu kwa ukoo wake, alikuwa ameketi kwenye gogo upande wa pili wa tanget, akipumzika, tumbo limetangulia mapajani. Aliona panga, hakusimama.

“Mama mkwe, kata tu,” akasema. “Sitapita. Utakuwa umekata majani.”

“Unataka kurudi kwenye ile mito?”

“Sitaki. Naiota kila ninapofumba macho. Lakini nikazalie juu ya ardhi ambayo nyanya yangu hajaitoa? Mtoto nitamwambia yeye ni wa wapi?” Akanionyesha njia ya kushuka. “Uliza kwenu, mama. Watu wa juu tumeuliza mpaka tumechoka.”

Uliza kwenu. Nilishuka na panga langu kavu. Kwetu alikuwa amebaki mwanamume mmoja tu aliyekuwa na wale vijana wakati wa vita. Miaka ishirini na mitano nimempakulia chakula na sijamuuliza swali hata moja. Najua kwa nini sikuuliza. Asiyeuliza halazimiki kujua.

Ambrose alikuwa kwenye kaushio lake akigeuza kakao. Sikumsalimu. Nikamuuliza Silvanus yuko wapi. Aliendelea kugeuza kwa muda mrefu, punje zilezile, huku na huku.

“Sikumuua mimi,” akasema.

“Sijauliza nani alimuua.”

“Sikuwazuia. Waliondoka, nikabaki kumzika. Zahanati ilikuwa imeshaungua, majivu bado ya moto, udongo ulikuwa rahisi.” Akaweka reki chini. “Ile kona ya baraza, dada. Nilidhani nikimfunika vizuri atatulia. Na mimi nitatulia.”

Nilikaa chini palepale kwenye magunia. Nilikumbuka magimbi niliyompelekea pale barazani, nikiwa nimesimama juu ya mtoto wa Ludwina, nikimsifu fundi. Wahenga walisema mficha uchi hazai, na siku zote nilidhani wanasema juu ya wanawake.

Nilimwambia ana mambo mawili ya kuchagua. Aseme mwenyewe mkutanoni, au niseme mimi. Alisema mwenyewe. Alisimama mbele ya watu wa juu, waliokuja kwa kupita porini, na watu wa chini, mikono nyuma kama mtoto wa shule, akasema yote, hata yale ambayo sikumuuliza. Watu wa juu hawakupiga kelele. Wanawake wao walianza kulia kwa sauti ya chini, na Ludwina hakulia nao. Kisha nikaitisha kura ya pili: tubomoe baraza la zahanati yetu mpya, tumtoe Silvanus.

Otto alikuwepo. Alisema hiyo ni mali ya umma, haibomolewi bila kibali cha wilaya, na barua ya kuomba kibali inaweza kuchukua miezi sita. Kwa mara ya kwanza tangu nichaguliwe nilielewa nilichoapia. Nikamwambia kwa adabu kwamba tumeshaandika barua za kutosha, na kwamba umma wenye mali hiyo ndio huu, umekaa mbele yake. Safari hii sikuhesabu mikono. Nilimtazama Ludwina peke yake. Aliinamisha kichwa kidogo, mara moja.

Ambrose alivunja sakafu mwenyewe kwa nyundo. Hakuna aliyemsaidia na hakuna aliyemkataza. Mifupa ilikuwa chini kidogo tu ya mawe, na pembeni yake kibuyu kidogo cha chokaa, cha kutafunia popoo, chenye michoro ya ndege shingoni. Ludwina alikitambua kabla hakijafutwa udongo, kwa sababu michoro ile aliichora yeye. Hapo ndipo alipolia. Alilia mpaka Hilaria akaenda kumshika, naye akakubali kushikwa, mikononi mwa nesi yuleyule ambaye Ludwina alikuwa amemkimbia miezi mitatu.

Silvanus alizikwa juu, kwenye makaburi ya mama zake. Sisi watu wa chini tulipeleka nguruwe wawili, na Ambrose aliwabeba begani kwa mti, mzee mzima, njia yote ya kupanda. Baada ya mazishi Ludwina alishuka na Ambrose mpaka kwenye tanget. Aliing'oa mwenyewe akampa mjukuu wake Vinsentia aende akaipande kaburini. Kisha akaingiza mkono kikapuni akatoa popoo niliyompa siku ya kura. Ilikuwa imekauka kama jiwe. Akaigonga juu ya gogo mpaka ikapasuka, nusu akampa Ambrose, nusu akatia kinywani mwake mwenye meno manne.

Walitafuna na tambuu na chokaa, muda mrefu. Nilidhani haitalainika. Mwishowe Ludwina akatema wekundu chini, akangoja mpaka Ambrose naye akatema. Halafu akanyoosha kidole kule chini, kwenye shimo la baraza.

“Mwaga saruji tena,” akamwambia. “Na safari hii changanya vizuri. Mtoto wetu amebakiza siku tisa azaliwe.”

Ambrose akachukua ndoo akaenda mtoni kuchota maji.