Bei ya Vyeti vya Jua

Mimi ndiye niliyesema ng'ombe wanatosha. Hilo nalitaja mapema, kwa sababu siku hizi wanawake wa kanisani hupenda kusema kwamba tamaa yangu mimi, Verna, ndiyo iliyomponza mume wangu Lester. Tulikuwa na ng'ombe arobaini na wawili, shamba la babu yake mume wangu, na maziwa ambayo bei yake haikuwahi kututajirisha wala kutuua. Aliyetaka paneli za sola juu ya paa la zizi ni Lester. Aliyemtia maneno ni Nevin Shirk, mwana wa shemasi wetu Amos.

Nevin aliliacha kanisa akiwa na miaka kumi na tisa, akaenda kuishi mjini na Waingereza, ndivyo tunavyomwita kila asiye wetu. Aliporudi alikuwa na gari jeupe. Aliliacha kule barabarani kwa heshima, maana kanisa letu haliruhusu magari, akaja zizini kwa miguu na kutuamkia kwa lugha ya nyumbani.

"Verna, bado unapika ile pai ya molasi?"

Nikamkatia kipande kikubwa. Hilo lilikuwa kosa langu mimi.

Akatueleza. Sheria ya Pennsylvania inayalazimisha makampuni ya umeme kuonyesha kila mwaka kwamba sehemu ya umeme wao imetoka kwenye jua. Kampuni isiyo na paneli zake hununua vyeti kwa wenye nazo. Paa lako likitoa uniti elfu moja, unapata cheti kimoja. Umeme unautumia mwenyewe, cheti unakiuza. Mwaka ule cheti kimoja kilikuwa kinagusa dola mia tatu, na paa letu lingetoa mia na ishirini kwa mwaka.

"Ng'ombe anataka majani, anataka daktari," Nevin alisema. "Jua linataka nini, Lester?"

"Linataka mkopo," nikajibu mimi.

Walicheka wote wawili. Benki haikucheka. Iliwaandika ng'ombe wetu kuwa dhamana, wote arobaini na wawili. Pesa za vyeti ndizo zingelipa benki, na zisipokuja, ng'ombe wanaondoka. Mtu asiniambie hatukujua.

Sasa sikia kilichotufunga. Vyeti hivyo si karatasi ya kuweka kabatini. Viko kwenye kompyuta, katika orodha moja ya majimbo mengi, na kanisa letu haliruhusu kompyuta. Nevin alilijua hilo tangu utotoni.

"Nitawashikia mimi," alisema. "Vitaingia kwa jina langu, na mimi nitawalipa dola mia mbili na sitini kwa kila kimoja, miaka mitano, soko lipande lisipande."

Akaandika mkataba, Lester akatia sahihi, kisha wakapeana mikono. Kwetu mkono ni mzito kuliko wino. Familia ishirini zilifanya vivyo hivyo, na shemasi Amos mwenyewe akajaza paneli kwenye mabanda yake mawili ya kuku.

Miaka miwili tulilipwa bila kukosa. Lester akawa anapiga mluzi akikamua.

Kisha bei ikaanguka. Anayefuga anaelewa haraka, maana tumeyaona kwenye maziwa. Makampuni yalilazimishwa kununua vyeti vichache tu, na wenye paneli tulikuwa tumeongezeka kama magugu baada ya mvua. Majimbo jirani yalivifungia mlango vyeti vya wageni. Sheria yetu ikauacha wazi, na vyeti vya watu wengine vikamiminika kwetu. Maziwa yakizidi, angalau unaweza kuuza ng'ombe wawili. Jua utalipunguzaje? Bei ilishuka na paneli zikaendelea kutoa vyeti vilevile, kila siku ya Mungu.

Malipo ya Januari hayakuja. Lester alikwenda kwenye kibanda cha simu kilicho uani, maana kwetu simu haikai ndani ya nyumba, nami nikasimama mlangoni.

"Nevin, ya Januari hatujayaona."

Sauti ya Nevin ilisikika hadi niliposimama. "Lester, ndugu yangu, soko limekufa. Cheti ni dola kumi na nne."

"Lakini uliandika mia mbili na sitini. Lipande lisipande."

"Niliandika. Nilidhani litapanda."

Baada ya hapo simu ikawa haipokelewi.

Mwezi wa Machi tulikutana na Doyle, jirani yetu Mwingereza, kwenye duka la chakula cha mifugo. Naye alikuwa amemuuzia Nevin vyeti.

"Kwani nyinyi hamjalipwa?" akashangaa. "Mimi wakili wangu aliandika barua moja tu. Moja! Wiki iliyofuata nikapata zangu zote, mia mbili na sitini kamili. Ule mkataba ni chuma, Lester. Nenda mahakamani, jamaa atatapika."

Njiani kurudi nilimwambia mimi, "Mpigie huyo wakili." Akampigia, akamuuliza maswali mawili. Sijui nani alipeleka habari, lakini kesho yake shemasi Amos alikuwa ameketi mezani kwangu, kofia magotini.

"Ndugu Lester, nasikia umemtafuta wakili."

"Nimeuliza tu, Ndugu Amos."

"Kuuliza ndiko kuanza. Wewe unajua. Sisi hatumpeleki mtu mahakamani, awe wetu awe wa nje. Tukidhulumiwa tunavumilia. Anayeshtaki anajitoa mwenyewe kanisani."

"Benki haivumilii," nikasema.

"Dada Verna," alisema kwa upole, "unadhani mimi haliniumi? Ni mwanangu."

Nilimhurumia. Mzee wa watu, nilifikiri, ameibiwa na damu yake mwenyewe na bado anasimama kwenye neno. Mabanda yake mawili, mkopo mkubwa kuliko wetu, na halalamiki. Nilimfungia pai nzima akaenda nayo. Lester hakumpigia wakili tena.

Ng'ombe waliuzwa Septemba, kwa mnada, uani kwetu. Kwenye mnada wa mmoja wetu wanawake wa kanisa hupika na kuuza chakula, na pesa huenda kwa wagonjwa. Nami nikasimama kwenye sufuria ya supu ya kuku na mahindi, nikiwapakulia watu waliokuja kununua ng'ombe wangu. Mpiga mnada alikuwa amefika kwa yule mwekundu niliyemzalisha mwenyewe, Lester akimshika kamba, pale Nevin aliposimama mbele yangu.

"Bakuli moja, Verna."

"Dola nne."

Akatoa tano. "Baki nayo."

"Kwa nini Doyle ulimlipa?" nikamuuliza. Sikupandisha sauti.

Hakuona haya. Kusema kweli, alionekana kama mtu aliyengoja kuulizwa. "Sikuwa na pesa za wote. Doyle ana wakili. Wewe ungemlipa nani kwanza, anayekushtaki au anayekuombea?"

"Ulikuja kwetu kwa sababu hiyo?"

"Nilikuja kwa sababu mliniamini. Lakini sikusahau nilikolelewa." Akapuliza supu. "Ni Doyle tu, na Baba. Baba siwezi kumwacha."

"Baba yako unamlipa?"

"Kila mwezi, bei ya mkataba. Hakukuambia?"

Kikulacho ki nguoni mwako, husema watu, na mimi kikulacho hicho nilikuwa nimekifungia pai. Nikampa Nevin dola yake moja ya chenji. Aliiacha mezani.

Lester nilimweleza jioni, kwenye zizi tupu. Alisikiliza hadi mwisho.

"Usiliseme hili, Verna."

"Kwa nini?"

"Kwa sababu ng'ombe hawatarudi. Tutabaki bila ng'ombe na bila kanisa."

Kwetu, wiki mbili kabla ya Meza ya Bwana, huwa kuna kikao. Wanaume upande wao, wanawake upande wao, na wahudumu hupita mstari kwa mstari wakimuuliza kila mtu kama ana amani na Mungu na watu. Mtu husema ndiyo. Katika miaka thelathini na moja sijawahi kusikia jibu jingine. Oktoba ile askofu alichukua upande wa wanaume, Amos akachukua wetu.

Alifika kwangu. Nilimtazama usoni, uso ule mwema.

"Dada Verna, una amani na Mungu na watu wote?"

"Kabla sijajibu, Ndugu Amos. Vyeti vya mabanda yako ya kuku, Nevin anakulipa bei gani?"

Upande wa wanaume vichwa viligeuka. Amos alikuwa mwekundu hadi shingoni.

"Hilo si la leo, dada."

"Cheti kimoja. Bei gani?"

Hakukana. Hilo ndilo ninalowaambia watu wote, hakukana. Alisogea hatua moja na kumwinamia Edna Nolt, aliyeketi kando yangu. Mume wa Edna alikuwa ameuza ng'ombe wao kabla yetu, kwa sababu ileile, vyeti vilevile.

"Dada Edna, una amani?"

Edna alinitazama. Kwa muda nilidhani angesema. Akashusha macho kwenye mikono yake.

"Ndiyo," alisema.

Na aliyefuata akasema ndiyo, na aliyefuata, mpaka mwisho wa mstari. Upande wa pili askofu akamfikia Lester. Nilimsikia mume wangu akisema ndiyo, taratibu, bila kuinua kichwa.

Waliniambia nisishiriki Meza mpaka nitakapopatana na shemasi. Siku ya Meza yenyewe nilibaki nyumbani. Kikombe alikishika Amos, Lester ameniambia.

Saa sita mchana nikaenda zizini, kwa mazoea tu, maana hakukuwa na wa kulishwa. Jua lilikuwa kali ajabu kwa Oktoba. Ukutani mita ya paneli ilikuwa inazunguka mbio. Wakati ule sisi tulikuwa hatupati hata zile dola kumi na nne. Lakini kila uniti elfu moja, kule kwenye orodha yao, cheti kimoja kinaingia kwa jina la Nevin Shirk.