Mteremko wa Bwana Nafuu

Kila asubuhi saa kumi na mbili na nusu, Nafuu hutoka nje na kikombe cha chai, hulizunguka gari lake mara moja, hulipiga teke tairi la mbele, kisha huondoa jiwe linalolizuia. Gari huanza kushuka lenyewe. Naye huingia bila haraka, hutia gia ya pili, huachia klachi, na injini hukohoa mara mbili ikawaka. Kikombe humpa mkewe dirishani gari linapopita mbele ya mlango.

Stata, ile mota ya kuwashia injini, ilikuwa imekufa miezi minne nyuma. Ukigeuza ufunguo ilisema "tak", mara moja tu, kama karani anayegonga muhuri wa kukataa. Nafuu alisafisha vichwa vya betri kwa maji ya moto, akaigonga stata kwa spana, akaibembeleza, akaitukana. Alipoambiwa bei ya mpya, alicheka mpaka akaomba maji. Jina la Nafuu alipewa na mtaa, na hakulikataa kwa kuwa lilikuwa la bure.

Shida ilikuwa moja. Mtaa wao ulikuwa tambarare kama meza, na gari lisilo na stata linataka mteremko. Wiki mbili za kwanza majirani walisukuma. Wiki ya tatu wakaumwa migongo, wote siku moja. Jumatano iliyofuata, barabara ikainama.

Iliinama kuanzia mlangoni kwa Nafuu hadi nyumba ya mwisho, ya mwalimu mstaafu, na nyumba zote zikainama nayo. Hakuna aliyepiga kelele. Watu walitoka, wakatazama, wakarudi ndani kutafuta matofali ya kuweka chini ya miguu ya vitanda. Mwenyekiti wa mtaa alikuja na pima maji ya mwashi, akailaza chini, akaona kipovu kimekimbilia upande mmoja. Akaandika kwenye daftari, "Mteremko upo." Kisha akaomba lifti.

Mwalimu mstaafu peke yake ndiye aliyelalamika, tena kwa adabu.

"Jirani, maji yote yanayomwagika mtaa huu yanakuja kulala chumbani kwangu."

"Mwalimu," alisema Nafuu, "wenzako wanayanunua."

Aliyeumia zaidi hakuwa mwalimu. Mke wa Nafuu alikuwa mshonaji, na cherehani yake ilikaa sebuleni karibu na mlango. Alikuwa amepata kazi kubwa ya kwanza tangu ajifungue: sare thelathini za wauguzi. Hospitali ilibadilisha sare kila mwaka, na atakayeshona vizuri mwaka huu ndiye atakayeitwa mwaka ujao. Alishona tano za kwanza, matroni, mkuu wa wauguzi, akazirudisha mwenyewe, amezibana kwapani.

"Mama, pindo la kushoto limeshuka vidole viwili. Wauguzi wangu wamesimama wima na bado wanaonekana wanachechemea."

"Nitazirekebisha, matroni."

"Jumatatu saa sita nakuja kuchukua zote. Zikiwa hivi, nampa mwingine."

Usiku huo walikula kila mtu ameshika sahani yake kwa mkono wa kushoto, kama walivyozoea.

"Baba watoto, tutengeneze stata."

"Ya nini? Mteremko si upo?"

"Huo mteremko ndio unaoniharibia pindo."

"Basi kata upande mmoja mfupi."

"Kaka yangu ni fundi wa magari. Hatatutoza kitu kwa ufundi wake."

"Kaka yako akija atakula," alisema Nafuu. "Na ulaji wake naujua."

Jumamosi asubuhi kaka alikuja, na salamu yake ya kwanza ilikuwa, "Shemeji, nimeshiba mpaka kesho." Dada yake ndiye aliyemwambia aanze hivyo. Alikuwa na stata kwenye mfuko, ameitoa katika gari lililoangukiwa na ukuta. Alisema imepona vizuri kuliko dereva, ila kaboni zake za kupitisha umeme zilikuwa zimelika zikabaki kama kucha, akazibadilisha.

"Stata umeipata bure," alisema. "Utanirudishia bei ya kaboni tu. Haizidi mkate."

Nafuu akauliza, "Mkate mkubwa au mdogo?"

Kaka aliongeza mawe kwenye magurudumu, akachomoa waya wa betri kwanza, akaingia chini ya gari. Nafuu alichuchumaa pembeni akimulika kwa tochi, akiizima kila mara mwenzake alipoacha kufungua kitu. Stata ya zamani ikatoka nyeusi, nzito, imelowa oili.

"Hii nitaichukua mimi, shemeji. Iwe ndiyo ahsante yangu."

"Hiyo ni chuma," alisema Nafuu, akaipeleka ndani.

Aliporudi alikuta bolti ya kwanza imeshafungwa. "Moja haitoshi?"

"Ingetosha, shemeji, kama gari lingekuwa picha ya ukutani."

Bolti ya pili ikafungwa, waya wa betri ukarudishwa, Nafuu akageuza ufunguo. Injini iliwaka kabla hajamaliza kuugeuza, na barabara ikainuka taratibu, kama mtu anayekaa kitandani baada ya usingizi wa mchana. Vikombe vilirudi katikati ya kabati. Mtoto wao wa miezi kumi na minne, aliyejifunza kutembea bega moja likiwa mbele, alianguka, kwa sababu sakafu haikuwa pale alipoizoea. Aliinuka akajaribu tena, safari hii mabega yakiwa sawa. Mwalimu mstaafu alitoka nje kuanika godoro.

Mshonaji alishona Jumamosi yote na Jumapili yote. Kitambaa kililala mezani kikatulia. Hata mkasi ulikaa alipouweka, na kila mara alipounyooshea mkono akaukuta palepale, alitabasamu peke yake. Hadi Jumapili jioni sare ishirini na nne zilikuwa tayari, zimenyooka. Zilibaki sita, mapindo tu.

Jumatatu saa kumi na mbili na nusu alikuwa ameshakaa kwenye cherehani, akisubiri kusikia stata. Alichosikia ni jiwe likiondolewa. Kibiringo cha uzi kikaanguka kutoka mezani, kikavuka sebule, kikatoka mlangoni.

Alikifuata. Mumewe alikuwa amesimama kando ya gari, jiwe mkononi, na barabara ilikuwa imeshainama. Ilikuwa imezoea, haikumchelewesha.

"Stata si imefungwa?"

"Imefungwa vizuri sana. Ndiyo maana siigusi." Gari lilianza kushuka, naye akaingia. "Kitu kizima hakichezewi, mama watoto. Ukikitumia kila siku kinachakaa, kikichakaa tunanunua kingine. Hii tukiitunza itafika kwa wajukuu."

Akampa kikombe dirishani.

Matroni alifika saa sita akiwa ameshikilia uzio wa majirani. Alipima kila sare kwa utepe wake mwenyewe, akachukua ishirini na nne, akaziacha sita juu ya cherehani. Alilipa alizochukua.

"Hizi ni nzuri kabisa, mama, sikudanganyi. Lakini hizo sita zinachechemea. Mwaka ujao tutatafuta fundi anayekaa mahali tambarare."

Jioni Nafuu aliichukua moja, akaishikilia mbele ya mkewe, akarudi nyuma hatua mbili, akafumba jicho moja.

"Mbona imekaa sawa?"

Na kweli ilikuwa sawa.

"Wangekuja kuzivalia hapa," alisema, akashangaa ugumu wa watu.

Stata iko ndani ya gari mpaka leo, bolti mbili, imefungwa mfuko wa nailoni, haina mkwaruzo. Nafuu hupenda kufungua boneti na kuwaonyesha wageni, nao humsikiliza wakiwa wameshika ukuta. Mtoto amerudia mwendo wake wa bega mbele na hukimbia vizuri. Mkewe huwaletea wageni chai akiwa amevaa moja ya zile sare sita, ambazo mtaa ule zinamkaa sawasawa. Vikombe huvijaza nusu, maana ukivijaza zaidi ya hapo chai humwagika upande wa chini, ikaelekea kwa mwalimu. Nafuu huwaeleza wageni kwamba tangu barabara iiname, majani ya chai na sukari vinakaa nyumbani mara mbili ya zamani.