Jumapili Waliyorudisha Saa

Hivi wewe, umewahi kusikia nchi nzima ikilala, ikaamka imerudisha saa nyuma, halafu watu wakanywa chai yao kama kawaida? Mimi nilikuwa sijasikia. Huku kwetu, mlimani juu ya Kihagara, ziwa likionekana chini, saa tisa ya leo ndiyo saa tisa ya jana, masika na kiangazi.

Binti yangu Mariana alikwenda Ujerumani kulea wazee, akaugulia hukohuko. Ugonjwa wa damu. Wakamweka chumba ambacho hakuna anayeingia bila kuziba mdomo, simu yake wakaizuia. Wodi ilikuwa na simu moja ya picha, na zamu yake ilikuwa Jumapili, saa nane hadi saa tisa za kwao.

Kijijini kwetu mtandao haushiki. Zahanati tu ndiyo ina sahani ya intaneti juu ya bati, inakula umeme wa jua, na betri hiyohiyo inabeba friji ya chanjo. Nesi Benadetha alitukubalia saa moja kwa wiki, basi. Mwezi wa sita akaja Iddy, mtu wa Tanga, fundi wa kompyuta aliyehamishiwa Mbinga, akaandika programu ya kuiwasha sahani na kuizima yenyewe. Saa nane zao ilikuwa saa tisa zetu. Saa tisa kamili taa ndogo ya kijani inawaka, na Mariana huyo hapo, kichwa kimenyolewa, anacheka.

Jumapili moja ya Oktoba hakucheka.

"Mama, madaktari wanasema kuna dawa kali. Nikianza, sisafiri tena. Nisipoanza, naweza kupanda ndege nije, ila nyumbani hakuna dawa. Wanataka jibu Jumatatu, si ya kesho, ile nyingine."

"Wewe unasemaje?"

"Mimi nakusikiliza wewe. Jumapili uniambie. Ukisema nije, nakuja."

Wiki hiyo nilipalilia mihogo bila kuiona. Mpaka Ijumaa jibu nilikuwa nalo: aje. Kama ni kufa, afie mikononi mwangu. Jumapili nikavaa kitenge cha Pasaka.

"Heee, bibi! Leo unaolewa?" Benadetha akanitania.

"Mahari umeshakula wewe," nikamjibu. Tukacheka.

Taa ikawaka. Nikakaa mbele ya kioo cha kompyuta ya zahanati, mikono magotini. Nikaona uso wangu mwenyewe tu, na nyuma yangu picha ya ukutani ya mtoto anayepigwa sindano. Nusu saa ikapita. Benadetha akaacha kutania.

"Pengine leo kachoka, bibi."

"Pengine."

Saa kumi taa ikazimika.

"Iwashe tena, mwanangu."

"Sijui pa kubonyeza, bibi. Iddy ndiye anajua."

Jumapili iliyofuata ikawa vilevile. Nikajua amekufa, wanatafuta namna ya kuniambia. Benadetha akampa dereva wa bodaboda ujumbe, akapige simu Kihagara palipo na mtandao, na Jumapili ya tatu Iddy akafika na pikipiki, vumbi mpaka kwenye kope.

"Shikamoo, bibi."

"Marahaba. Mashine yako imeninyima mtoto."

Akafungua kompyuta yake, akasoma. Mara akajishika kichwa kwa mikono miwili.

"Bibi, wenzetu wale wakati wa joto husogeza saa mbele, na mwisho wa Oktoba huzirudisha. Saa nane zao sasa ni saa kumi kwetu. Mimi niliandika mashine iongeze saa moja. Sasa zinatakiwa mbili."

"Kwa hiyo alikuwa anapiga sisi tunazima?"

"Tukizima tu, ndipo anapewa simu."

"Na ungeandikaje?"

"Ningeandika jina la mji wake. Kompyuta inajua yenyewe lini mji gani unasogeza saa."

"Jina la mji tu?"

"Jina la mji tu, bibi." Akalia, mtu mzima na ndevu zake. Nikampa maji ya kunywa. Ningemfanya nini?

Akairekebisha programu, saa kumi taa ikawaka, na Mariana akatokea. Alikuwa amelala, mpira puani, midomo imepasuka. Mtu mwenye glavu alimshikia simu.

"Mama."

"Mwanangu. Umeanza dawa?"

"Nimeanza. Nilipiga ile Jumapili, haikupokelewa. Nikapiga mpaka saa yangu ikaisha." Akapumzika. "Nikasema, mama anashindwa kunitamkia nisije. Atamlisha nini mgonjwa, mihogo yenyewe haijakomaa. Jumatatu nikaweka sahihi."

Nikamweleza habari ya saa. Sijui kama alielewa, maana aliniangalia tu. Ile dawa, akasema, haijasaidia. Wamemwambia.

"Nilikuwa nimekuja kukwambia uje," nikasema. "Nilivaa kabisa."

Akafumba macho. Mwenye glavu akataka kuondoa simu, Mariana akamzuia kwa kidole.

"Wewe mwenyewe, Mariana," nikamuuliza, "siku ile nilipokuuliza, ulitaka nini?"

Alichukua muda mrefu kukusanya pumzi.

"Nilitaka kuja, mama. Nilitaka nilale mkekani kwako, niwasikie wanawake wakigombania dagaa wa usipa kule ufukweni. Sikutaka kupona huku. Nilitaka kuja nyumbani."