Nukta Nne Kabla ya Penalti

Mvua isiyo na adabu ilishuka juu ya dishi la kituo chetu cha televisheni, na picha ya mpira ikaganda refa akionyesha penalti.

"Fundi!" bosi akafoka. "Watu watatutukana mpaka kesho!"

Nikaitazama modemu, kifaa kinachofasiri mawimbi ya dishi. Wimbi la redio hubeba picha kwa kugeuza awamu yake, yaani pembe lilipofika katika mzunguko wake, na kila awamu huonekana kwenye skrini kama nukta. Nukta zetu nane zilikuwa zimevurugana kama siafu waliomwagiwa maji. Nikampigia dada yangu, anayerusha matangazo kutoka uwanjani.

"Dada, tushuke hadi nukta nne! Zikiachana, mvua haitazichanganya."

"Picha itakuwa na ukungu, mdogo wangu."

"Heri nusu shari kuliko shari kamili!"

"Haya, tubadili pamoja. Moja, mbili, sasa!"

Nukta zikatawanyika, zikatetemeka, kisha zikatulia kwenye pembe nne, kali kama ncha za sindano. Nikaruka nikipiga yowe. Papo hapo picha ikarudi, chumba kizima kikalipuka kwa shangwe, na bosi akanikumbatia hadi mbavu zikalia.

"Umeliona goli lile?"

"Goli gani?" nikauliza, macho yangu bado kwenye nukta.