Kasuku na Ngazi ya Chini

Mgeni aliingia darasani katikati ya somo, mkono mmoja ukipapasa fremu ya mlango, mwingine umeshika fimbo nyeupe. Wanafunzi wakainua macho kutoka kwenye tableti zao.

"Hodi. Namtafuta mwalimu wa hesabu."

"Karibu, baba. Ndiye mimi."

"Mbona sauti ya kitoto hivi? Nilitegemea mtu mzima." Darasa likaangua kicheko. "Mimi ni baba yake Kasuku."

Mwalimu, aliyetoka chuoni juzijuzi tu, akamwongoza hadi nje. Kasuku alikuwa binti mwenye domo kuliko wote, lakini programu ya hesabu ilikuwa imemshusha hadi ngazi ya chini kabisa. Anayebaki huko hadi mwisho wa muhula hurudia darasa.

"Jioni mwanangu hunisomea kila swali," baba alisema. "Tunalijadili, ananicheka nikikosea, ndipo anabonyeza jibu. Mwanzoni yalikuwa maswali hasa. Siku hizi ni tatu jumlisha nne. Jana kaniuliza, 'Baba, kwani mimi mjinga?' Ndiyo maana nimekuja."

Programu ilimpangia kila mtoto maswali yake kwa kuangalia majibu na muda aliotumia. Aliyekawia alihesabiwa hajui. Na aliyeufupisha muda wa kujibu ni mwalimu mwenyewe, ili watoto wasiulizie majibu kwa kaka zao. Alimwona Kasuku akishuka wiki hadi wiki. Hakumuuliza kitu. Alimwambia tu, mbele ya wenzake, "Kaza buti."

"Kosa ni langu, baba, si lake."

Alitamani agombezwe. Baba akauliza tu, "Sasa?"

"Muda naurekebisha leo. Lakini sehemu na desimali zimempita. Jumamosi asubuhi nitakuja nyumbani nimfundishe. Mwambie nimeahidi."

Ijumaa mwalimu mkuu akamwita. Wageni kutoka makao makuu ya elimu wangefika kesho kuiona programu, na ambaye angewaonyesha ndiye angekuwa mratibu wake katika shule zote. Kazi hiyo mwalimu alikuwa akiiota tangu chuoni.

"Kesho nina mwanafunzi, mkuu."

"Mmoja? Si umwambie Jumapili!"

Angeweza. Lakini Kasuku alikuwa ameshasukumwa pembeni mara moja bila kuulizwa.

"Nimemwahidi kesho."

"Shauri yako. Nampa mwalimu wa sayansi."

Asubuhi alimkuta Kasuku mlangoni kwao, kaegemea nguzo, kanuna; baba kaketi kando kwenye kigoda, kingine kitupu mbele yake.

"Nilijua huji. Wenzangu wamesema una wageni wakubwa."

"Wako na mwalimu wa sayansi."

"Yule? Atakunyang'anya kazi, mwalimu!"

"Ameshaninyang'anya. Samahani, Kasuku. Wewe si mjinga. Mimi ndiye niliyekupima vibaya."

Binti akaingia ndani, akatoka na kigoda cha tatu, akakiweka katikati ya chake na cha baba.

"Kaa. Tuanze na sehemu."