Jana Imekufa

Kila asubuhi, kabla jua halijapanda juu ya mabati ya mtaa wa Obunga, Gordon alisimama kwenye lango la kiwanda cha samaki, kidevu juu, akapiga ukelele wake.

"Jana imekufa!"

Na wanawake waliojazana nje wakamjibu kwa pamoja, "Leo ni leo!"

Maana yake kila mtu aliijua. Hata kama jana ulipasua sangara mpaka vidole vikafa ganzi, leo wewe ni mgeni. Gordon atakunyooshea kidole uingie, ama atakupita kama nguzo ya stima. Kibarua, basi. Unauliza likizo? Jana imekufa. Umejifungua juzi? Jana imekufa. Maneno hayo alifundishwa na mwenye kiwanda, Bwana Zadock, mtu wa Milimani kwa matajiri, naye Gordon akayapiga miaka na miaka mpaka watoto wa Obunga wakayafanya mchezo.

Sasa sikia ajabu. Kiwanda hichohicho, kilichokataa kuwajua wanawake hao kila kukicha, kimewashtaki kwamba waliacha kazi bila notisi. Ndivyo walivyo. Tajiri akila muda wako, hiyo ni biashara. Ukiuchukua muda wako mwenyewe, anakuita kortini.

Yote yalianzia kwenye mkono wa Nabwire. Jioni moja kisu kiliteleza kikamchana kiganja. Asubuhi alikuja langoni mkono umefungwa leso, damu imekaukia kwenye maua ya leso, akaomba tu apelekwe hospitali. Gordon alimtazama. Akatazama dirisha la ofisi, ambako Bwana Zadock alikuwa na kikombe chake cha chai. Kisha akasema alichozoea kusema.

"Mama, jana imekufa."

Safari hii hakuna aliyejibu "Leo ni leo". Dolphine, yule mrefu wa meza ya kwanza, alitoa mfukoni aproni ya kampuni aliyokwenda kuifua nyumbani, akaitundika langoni taratibu, kama mtu anayeanika nguo yake.

"Sawa, Gordon," akasema. "Kama jana imekufa, sisi tunaenda matanga."

Mmoja akacheka, wa pili akatundika aproni yake, halafu wa tatu, mpaka lango likafunikwa. Wakaondoka wamemshika Nabwire huku na huku. Lori la sangara lilikuwa ndiyo kwanza linaingia. Kufikia mchana, nzi ndio waliokuwa zamu.

Kesho yake Gordon alipiga ukelele langoni, ukarudi wenyewe. Nafasi zilikuwepo, na njaa ilikuwepo Obunga, yeye aliijua kwa majina. Lakini hakuja mtu. Wanawake walikaanga mgongo wazi kando ya barabara, ile mifupa ya samaki inayobaki minofu ikishapelekwa ng'ambo, na chungu cha Nabwire walikipika kwa zamu. Gordon alipita hapo akienda nyumbani, akanunua, akala amesimama. Hakuwahi kuona watu wenye njaa wakiwa wima namna ile.

Kabla ya kesi, Bwana Zadock alimwita Milimani. Wakili alikuwepo.

"Utasema walikuwa wafanyakazi wa kudumu, waliotakiwa kutoa notisi ya mwezi," wakili akamwambia. "Hakuna lingine."

"Na ukisema vizuri, wewe ni meneja wa zamu," Bwana Zadock akaongeza. "Ukijikwaa, lango unalijua."

Gordon alikuwa na watoto wawili sekondari. Alienda kortini amevaa tai.

Wanawake walikuwa kwenye ukumbi wa nje, katika nguo zao za kanisani.

"Yawa! Gordon na tai!" Dolphine akapaza sauti. "Nani amekufa?"

"Si jana!" mwingine akadakia, na kicheko kikasambaa mpaka karani akawanyamazisha.

Alipopanda kizimbani, wakili alimuuliza kwa upole, "Hawa walikuwa wafanyakazi wa kudumu, sivyo?"

Gordon akafungua kinywa. Macho yake yakaangukia kiganja cha Nabwire, kilichokuwa juu ya paja lake. Vidole viwili vilikuwa vimekunjika, havifunguki tena.

Jaji, mama mwenye miwani, akaona Gordon anachelewa kujibu. "Bwana Gordon, hebu niambie tu. Asubuhi, mlikuwa mnawaingizaje kazini?"

Baadaye kampuni ilisema kwamba ulimi wake uliteleza. Haukuteleza. Gordon alijinyoosha, akainua kidevu, akapiga kwa sauti ya langoni, madirisha yakatetemeka:

"Jana imekufa!"

Na wale wanawake, mazoea ni mazoea, wakajibu kama kwaya, "Leo ni leo!"

Hata askari wa korti alicheka. Gordon akaeleza maana yake yote, bila kuruka kitu, na mkono wa Nabwire akautaja.

Jaji akamgeukia wakili. "Mtu unayemwajiri upya kila asubuhi, mkataba wake unaisha jioni. Notisi ya nini? Na kama ni wa kudumu, likizo zao ziko wapi, na matibabu ya mkono ule? Chagua moja."

Wakili alinong'ona na Bwana Zadock, akanong'ona tena, kisha akaomba kuondoa madai.

Nje, gari la Bwana Zadock lilipunguza mwendo. Kioo kikashuka kidogo. "Kesho usije," sauti ikasema, na kioo kikapanda.

Gordon alibaki pale na tai yake. Wanawake walikuwa wakiimba kwenye ngazi. Akawasogelea.

"Mama Shantel," akamwambia Dolphine, "mnisamehe. Yaliyopita... si jana ime—"

"Wee!" Dolphine akamkata. "Jana haijafa, Gordon. Haijawahi kufa hata siku moja. Sisi tunaikumbuka yote, na wewe ndani yake." Akamtazama juu mpaka chini. "Tunaenda kushtaki kwa ajili ya mkono wa Nabwire. Tunataka shahidi aliyekuwa langoni. Utakuja?"

"Nitakuja."

"Basi tai usiitupe," Dolphine akasema, akimpisha nafasi kwenye ngazi. "Matanga bado."